Plaizi yangu ya kukunja imechoka: nitengeneze, au ninunue nyingine?

Shikamoo, Mzee.

Mimi ni fundi umeme, nipo Pangani mkoani Tanga. Kazi zangu nyingi ni kufunga sola kwenye nyumba na kwenye majokofu ya wauza samaki, na kufanya wairingi pale watu wanapojenga. Tangu 2009 natembea na Leatherman Wave kiunoni, ile plaizi ya kukunja yenye visu, bisibisi, tupa, msumeno na mkasi ndani ya mpini. Nilipewa na fundi aliyenifundisha kazi, siku niliyoanza kujitegemea. Ameshatangulia mbele ya haki.

Sasa imechoka. Meno ya kukatia nyaya yana mapengo mawili. Dogo ni la zamani, lilitokana na kukata waya wa chuma. Kubwa liliingia mwaka jana, kijana ninayefanya naye kazi alipokata kebo ya paneli jua likiwa kali. Ilipiga cheche kubwa, kipande cha chuma kikayeyuka papo hapo. Yeye alishtuka tu, tunamshukuru Mungu. Kisu kikubwa kimenolewa mpaka kimebaki chembamba, na mara ya mwisho kilinolewa kwa grenda. Kufuli lake halishiki sawasawa. Plaizi yenyewe inacheza kwenye bawaba, na kutu ya chumvi imeingia kwenye mikunjo.

Nina njia tatu mbele yangu. Kuna duka Kariakoo linauza inayofanana nayo kabisa, jina lile lile limeandikwa, kwa shilingi 25,000. Pili, kaka yangu anafanya kazi Maskati, anakuja likizo, na amesema nimtajie ninayoitaka ataninunulia hata ikifika dola 100 na kitu. Tatu, rafiki yangu ananiambia kiwanda kinatoa dhamana ya miaka 25, hivyo niitume watengeneze bure.

Mke wangu naye ana lake. Anasema hela hiyo kaka aninunulie vifaa kamili vya umeme, niachane na kifaa kinachofanya kila kitu nusunusu. Mimi nahisi nikiiweka kando nitakuwa nimemweka kando yule mzee. Naomba ushauri wako.

Fundi wa Pangani

*

Marahaba, mwanangu. Mungu amrehemu mwalimu wako. Aliyekukabidhi kifaa cha namna hiyo siku unaanza kazi alikupenda na alikuamini, kwa hiyo naelewa kwa nini mkono mzito.

Kabla ya habari za Kariakoo na Maskati, ikunjue hiyo plaizi uiweke kwenye mwanga. Hitilafu ulizoziandika zinanieleza kazi ambazo imekuwa ikibebeshwa kwa niaba ya vifaa vingine. Fundi anayetaka kununua nyingine aanzie hapo: kipi kimekufa, na kimeuawa na kazi gani. Akiruka hatua hiyo, hata akinunua ya bei gani, baada ya muda atakuwa na mapengo yale yale mahali pale pale.

Nianze na lile pengo kubwa, maana ndilo lililonifanya niusome waraka wako mara mbili. Wave, kama ndugu zake wote wa aina hiyo, ina mpini wa chuma kitupu. Hakuna kinga yoyote kati ya kiganja na waya. Umeme wa TANESCO ni wa volti 230 na unageuka mwelekeo, mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo mara 100 kila sekunde unapita kwenye sifuri. Cheche yake hupata nafasi ya kuzimika yenyewe. Umeme wa paneli ni DC, yaani unakwenda upande mmoja tu, hauna sifuri ya kupitia. Cheche ikishawaka kati ya ncha mbili inaendelea kuwaka ilimradi jua lipo na nafasi ni ndogo, na joto lake linayeyusha shaba na chuma, kama ulivyoona kwa macho yako. Paneli moja ya kawaida ya nyumbani inatoa volti kati ya 37 na 50 hivi ikiwa haijabebeshwa mzigo. Ukiunga kumi kwa mfululizo umeshapita 370, na jua halina swichi ya kulizima.

Halafu kuna jambo la kebo yenye nyaya mbili ndani ya ganda moja. Ukiikata yote kwa mkato mmoja, meno ya chuma yanaunganisha chanya na hasi kabla hayajamaliza kukata. Hapo hata koleo lenye kinga litaungua meno, tofauti ni kwamba mkono wako utakuwa salama zaidi. Kwenye betri ndiyo mbaya kupita zote. Betri ya volti 12 haikurushi shoti, ndiyo maana vijana huidharau, lakini chuma kikigusa vichwa vyote viwili kwa pamoja inasukuma mamia ya ampea, na plaizi inaweza kuganda pale ikawa nyekundu. Pete ya ndoa nayo ni chuma, ivueni.

Kwa hiyo utaratibu kwako na kwa kijana wako uwe huu: zima kwanza swichi ya DC ili mkondo usimame, ndipo mfungue viunganishi vya paneli. Visifunguliwe kamwe vikiwa vimebeba mzigo. Pima kwa mita. Kama ni lazima kukata kebo inayotoka kwenye paneli mchana, fungueni mfululizo kwanza ili kila paneli ibaki peke yake, zifunikwe kwa turubai zito, na kila waya ukatwe mmoja mmoja, ncha yake ifungwe utepe kabla ya kugusa wa pili.

Na hapo ndipo ninapomuunga mkono mkeo, kwa sehemu kubwa tu. Kitu cha kwanza kununua kwa hela ya kaka ni koleo la kukatia nyaya na plaizi ya kawaida, vyote vyenye kinga ya kweli. Kinga ya kweli ina alama: imeandikwa 1000 V pamoja na pembetatu mbili zilizopandana. Koleo la namna hiyo, kwa kiwango cha kimataifa cha IEC 60900, limepimwa kwa volti 10,000 kabla ya kutoka kiwandani. Lisilo na alama hiyo, hata likiwa na mpira mnene wa rangi nyekundu na njano unaopendeza, mpira wake ni wa kukufanya ushike vizuri tu. Wajerumani wanavitengeneza vizuri sana. Knipex wa Wuppertal wapo kwenye kazi hiyo tangu 1882, na madukani Maskati kaka hatakosa chao au cha wenzao. Mpira ukipasuka au ukitoboka, koleo hilo limestaafu kazi za umeme siku hiyo hiyo.

Ongeza na koleo la kuchunia nyaya. Sikuona umelitaja, na kile kisu chembamba kinaniambia ndicho ulichokuwa unachunia. Kisu kinakwaruza shaba. Pale penye mkwaruzo ndipo waya unapokatikia baadaye ndani ya swichi, na mwenye nyumba anakupigia simu taa zinapepesa.

Sasa, mkeo anasema uachane na plaizi ya kukunja kabisa. Hapo sifiki naye. Kifaa hiki kilizaliwa kwa ajili ya mtu aliye mbali na boksi lake la vifaa. Tim Leatherman, Mmarekani, alikuwa akizunguka Ulaya mwaka 1975 na mkewe kwa gari bovu la Fiat, mfukoni ana kisu cha skauti. Gari likiharibika, au bomba la hotelini likivuja, kisu kilisaidia kidogo, alichokosa kila mara kilikuwa koleo. Alirudi nyumbani akahangaika miaka mingi mpaka 1983 akaanza kuuza ya kwanza kutoka Portland, Oregon. Aliyekuwa naye akilini ni msafiri. Wewe ukiwa juu ya paa, boksi lipo chini, nati moja imelegea kwenye fremu ya paneli, huo ndio wakati wake. Au upo kwenye mashua unavuka mto kwenda Bweni na kamba imenasa. Kazi ya siku nzima ya kukata na kuchuna haikuwa yake, na ndiyo iliyoimaliza.

Ukishakuwa na makoleo yale ya 1000 V kwenye boksi, plaizi ya kukunja utakayonunua itabeba kazi nyepesi na itaishi. Kwa hiyo ndiyo, nunua nyingine.

Ya Kariakoo ya 25,000 iache. Sisemi kila kitu cha bei ndogo ni kibovu, zipo za Kichina zenye jina lao wenyewe zinazofanya kazi ya haki. Hii imebeba jina la mwingine, na aliyekudanganya kwenye jina hana sababu ya kukuambia kweli kuhusu chuma. Sehemu mbaya zaidi ni kufuli. Kisu kinachokujia juu ya vidole ukiwa unasukuma hakikupi muda wa kujuta. Kama siku moja utalazimika kununua ya bei hiyo kwa dharura, nenda mwenyewe, usiagize. Ifunge mdomo uitazame dhidi ya mwanga: ncha zikutane sawasawa, zisipishane. Kandamiza kwa nguvu uone kama mdomo unapinda upande. Fungua kila kifaa kimoja kimoja, kikiburuta jirani yake basi haijafanyiwa kazi vizuri. Kisha fungua kisu, kigongegonge polepole kwa mgongo wake kwenye ubao, vidole vikiwa mbali na njia yake. Kikijikunja, irudishe kwa muuzaji.

Jaribio hilo la mgongo lifanye leo kwa ile uliyonayo. Umesema kufuli halishiki. Kisu hicho kisifanye kazi tena.

Kaka umwambie nini? Wave yako ni ya kabla ya 2018, na meno yake ya kukatia yametengenezwa kuwa sehemu ya mdomo. Yakiliwa, mdomo wote umeliwa. Mwaka 2018 walitoa Wave+, umbo karibu lile lile, ila meno ya kukatia ni vipande vinavyofungwa kwa skrubu ndogo: vikiliwa unavitoa unafunga vipya. Kwa fundi umeme hiyo peke yake inatosha kuichagua. Mkono wako pia umeshaizoea. Visu vinafunguka kwa nje kwa mkono mmoja bila kuikunjua yote, na ukiwa kwenye ngazi mkono wa pili una kazi ya kukushikilia. Kama bei itambana, ipo Rebar ya kiwanda hicho hicho, nyepesi kuliko Wave, nayo ina meno ya kubadilisha. Visu vyake viko ndani, lazima uikunjue kwanza ndipo uvifikie.

Victorinox wa Uswisi nao wana SwissTool, na ndogo yake inayoitwa Spirit. Niseme wazi, kwa ulaini wa kufunguka na jinsi kila kifaa kinavyojifunga mahali pake, sijaona inayowazidi. Ungekuwa seremala au fundi baiskeli ningekuambia chukua hiyo bila kufikiri. Meno yake ya kukatia hayabadilishwi, na wewe historia yako na meno tunaijua.

Na hata hiyo mpya yenye meno ya kubadilisha, waya wa chuma kigumu usiukatie. Waya wa spoku, waya wa springi, seng'enge nene, misumari, hivyo vina koleo lao. Lile pengo dogo la zamani lilitokana na hivyo. Chuma kigumu hakikati meno taratibu, kinayamega.

Habari ya dhamana, rafiki yako hajakosea. Leatherman wanatoa miaka 25, hivyo ya 2009 bado imo mpaka 2034. Lakini dhamana inahusu kasoro ya utengenezaji. Meno yaliyoyeyuka kwa umeme na kisu kilichopitishwa kwenye grenda ni matumizi, wana haki ya kukataa, na gharama ya kuituma mpaka kwao kwa kawaida ni juu yako. Tena kuna jambo ambalo kwako ni zito kuliko pesa: wakiona haitengenezeki, mara nyingi wanakutumia nyingine badala yake. Ile ya mzee wako haitarudi. Unaweza ukajikuta una kifaa kipya kizuri na hukipendi. Kwa sababu hiyo nakuambia usiitume.

Ibaki kwako, na kwa kazi inazoziweza. Bisibisi zake, tupa na msumeno hukuvilalamikia, naamini vipo hai. Chemsha maji kidogo ya bomba, yawe ya vuguvugu, tia sabuni, ifungue kila kitu kilichomo uisugue kwa mswaki mkavu wa zamani mpaka chumvi itoke kwenye mikunjo. Isuuze vizuri, iache juani mpaka ikauke kabisa, kisha tone moja moja la mafuta ya cherehani kwenye kila bawaba. Chuma kisichoshika kutu haraka bado kinashika kutu, na upepo wa bahari wa Pangani hauchagui. Bawaba ya plaizi inayocheza wakati mwingine ni skrubu iliyolegea tu. Za Wave zina kichwa cha nyota chenye kijiti katikati, na bisibisi yake mafundi simu huwa nayo. Ukiikaza usiizidishe, robo ya mzunguko kisha ujaribu.

Kisu waweza kukiacha kilivyo, kimekunjwa. Chuma kilichopashwa moto na grenda mpaka kikageuka rangi ya buluu kwenye makali kimepoteza ugumu wake, na kukinoa tena ni kukimaliza bure. Kwa ile mpya tumia jiwe la maji kwa mkono, taratibu, nyuzi 20 hivi kila upande.

Kisha iweke nyumbani, kwenye droo ya jikoni au karibu na mlango. Bisibisi ya kukaza bawaba ya kabati, msumeno wa kukatia kijiti cha mpapai, mambo hayo. Mzee wako alikuwa fundi, na kifaa cha fundi kinaheshimiwa kwa kutumika kadiri kinavyoweza. Mkeo nadhani hatalalamika.

Kwa kaka, basi, orodha iende kwa mpangilio huu wa kipaumbele, ili hela ikiishia njiani ijulikane ilipoishia: koleo la kukatia lenye alama ya 1000 V, plaizi yenye alama hiyo hiyo, koleo la kuchunia nyaya, na mwisho Wave+, au Rebar kama zimebaki kidogo. Wave+ kwa Marekani peke yake inapita dola 100, kwa hiyo usimwekee kaka yote mgongoni, nawe changia. Anunue kwenye duka linalotoa risiti na aitunze, hiyo ndiyo itakayokusaidia siku ukidai dhamana. Vyote viingie kwenye begi linalopakiwa chini ya ndege. Chenye kisu kikikutwa kwenye mkoba wa mkononi kitachukuliwa pale pale kwenye ukaguzi, hata akieleza vipi kwamba ni zawadi ya mdogo wake.